Unakwenda Kumpiga Ndege Gani? Maneno kwa Wanaonunua Shotigani ya Kwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, wawindaji wenzangu, na ninyi vijana mlioketi hapa mbele na vibali vyenu vipya mifukoni, habari za asubuhi.

Nilipofika hapo mlangoni, hata kiti sijapewa, kijana mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mzee, nimeshajichanga. Ninunue shotigani ya aina gani?" Nikamuuliza: "Unakwenda kumpiga ndege gani?" Akadhani namtania. Simtanii, na nitaeleza kwa nini. Mtu akienda kwa fundi cherehani hupimwa mwili kwanza, ndipo kitambaa kikatwe. Sisi wawindaji wa ndege wengi wetu tunaanza na mkasi. Tunaiona bunduki kwa jirani, inang'aa, ina nakshi za ndege ubavuni, tunaipenda, tunainunua, kisha tunazunguka nayo porini tukitafuta ndege wa kuifaa.

Niwasimulie kanga mmoja. Mwaka 1988 nilikuwa natumia bunduki ya marehemu baba, ya mitutu miwili. Kundi la kanga lilikuwa linakimbia mbele yetu kwenye vichaka vya miiba, nao kanga mnawajua, wakikuona hawaruki, wanakimbia kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Nikakosa subira. Nilimpiga wa mwisho alipokuwa mbali, kama hatua sitini. Manyoya yakapeperuka, akayumba, akaingia kwenye miiba. Tukamtafuta mpaka jua likazama. Siku ya tatu mbwa wa mchungaji mmoja akamtoa. Alikuwa hai. Mguu umevunjika, ubawa umeoza, na kwenye kidonda mna funza. Mchungaji yule, mtoto wa miaka kama kumi, alimshika mikononi akaniangalia tu, hakusema neno.

Tangu siku ile kipimo changu cha bunduki ya ndege ni kimoja. Ndege aanguke amekufa, au aende zake mzima. Kila nitakachosema leo, iwe geji, iwe mdomo wa mtutu, iwe ukubwa wa marisau au urefu wa kitako, kipimeni hapo.

Sasa turudi kwa yule kijana. Shotigani, au bunduki ya marisau kama walivyoiita wazee wetu, haitoi risasi moja inayokwenda kwenye shabaha moja. Inatoa kundi la punje, ndizo marisau. Zile punje zikitoka mtutuni ziko pamoja, na kadiri zinavyokwenda zinaachana, kama nyuki waliotoka mzingani. Karibu sana, kundi limebanana, likimpata kwale linamsaga, nyama haifai hata kwa supu. Mbali sana, limetawanyika hata ndege anaweza kukaa katikati ya mwanya akapata punje moja ya mguuni na moja ya tumboni. Huyo ndiye kanga wangu wa 1988. Kati ya hapo na hapo pana umbali mzuri, na umbali huo ndio unaoununua unaponunua bunduki. Kwa bunduki zetu nyingi mwisho wake ni mita 35, ukisema sana 40. Punje zenyewe zitaendelea kuruka hata zaidi ya mita 200, na huko wako watoto wanaochunga ng'ombe, lakini nguvu ya kuua ndege kwa heshima imeshakwisha zamani.

Ndege wetu hawafanani. Kwale huinuka miguuni pako ghafla, na ukimkosa kwenye mita 20 amekwishapotea nyuma ya mti. Kanga ni mzito, kilo moja na zaidi, manyoya yake yamebanana, na akiruka huwa yuko mbali kidogo. Hua na tetere ni wepesi, wanapita juu ya shamba la mtama jioni, na punje ndogo mbili tatu zinawatosha. Bata nitawasemea baadaye, kwa kuwa wana habari yao.

Firigogo nawapenda kuliko wote. Hao hukaa nyika kavu, na asubuhi jua likishapanda kidogo huja kunywa maji, makundi kwa makundi, kwa mwendo mkali, wakipiga kelele angani kabla hujawaona. Dume ana manyoya ya tumboni yanayonyonya maji kama sifongo. Huyalowesha dimbwini, akayabeba mpaka kwa makinda, nayo makinda yakanywa kwenye kifua cha baba yao. Ukijua hilo, hutawapiga wakiwa wamekaa majini, wala hutakaa penye dimbwi pekee la eneo zima ukawafukuza asubuhi nzima. Unakaa pembeni, unachukua wawili watatu wanaopita, unaondoka wengine wanywe.

Kwa hiyo kijana aliyeniuliza, kama unaishi penye kwale na hua, jibu lako si la mtu anayekaa penye kanga na bata. Na kama utawinda wote, ambavyo ndivyo tulivyo wengi, basi unatafuta bunduki ya katikati, halafu unabadilisha risasi.

Tuanze na geji, maana ndiyo inayotatanisha. Namba hii inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Ni hesabu ya zamani. Chukua ratili moja ya risasi, madini yenyewe, igawe vipande 12 sawa, kila kipande ukifinyange kiwe gololi. Gololi hiyo ndiyo inayoenea kwenye mtutu wa geji 12, milimita 18 na nusu. Ukigawa 20 unapata geji 20, milimita 15.6. Ile ndogo inayoitwa 410 haimo kwenye hesabu hii, yenyewe ni kipimo cha inchi, kama milimita 10 na kidogo. Watu huwanunulia watoto na wanaoanza wakidhani ni rahisi kwa kuwa haipigi teke. Mimi nakataa. Ina punje chache mno. Ni bunduki ya mtu stadi, na mikononi mwa anayejifunza inajeruhi.

Geji 12 ndiyo ninayowashauri wengi, na sababu yangu kubwa ni ya dukani. Risasi zake ndizo utakazozikuta ukitoka nyumbani kwenda mkoa mwingine. Nimemwona mtu na geji 16 nzuri ya Kifaransa, nyepesi, inakaa mkononi kama fimbo ya babu, lakini kila msimu anahangaika kutafuta risasi mpaka anakata tamaa. Geji 20 ni nzuri pia kwa mwenye mwili mdogo, na kwa kwale na hua haina upungufu wowote.

Ila hapa kwenye 20 nataka mnisikilize kwa makini. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa geji 12 haikai kwenye chemba, ile nyumba ya risasi nyuma ya mtutu. Inateleza ndani, inakwama mbele kidogo, huioni. Mtu anavuta kifyatulio, hakuna kitu, anafungua, anaona chemba iko tupu, anadhani alisahau kupakia, anatia ya 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu unapasuka, na unapasukia pale mkono wake wa kushoto ulipoushika. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano.

Kambini kwetu jambo hili lilibaki nukta moja tu litokee. Tulikuwa watu wanne, bunduki mbili za 12 na moja ya 20, na mtu aliazima koti la mwenzake kwa sababu ya baridi. Mfukoni mle mlikuwa na mchanganyiko. Alipovuta kifyatulio bunduki ikakataa kutoa mlio, akaifungua, akawa anachukua risasi nyingine. Nilimwambia, ngoja. Nikaitoa ile bunduki mikononi mwake, nikainua kuelekea mbinguni nikachungulia kutoka nyuma. Mtutu wa kulia nikaona mwanga, duara nyeupe safi. Wa kushoto giza. Tuliisukuma ile risasi kwa ufito, taratibu, na hakuna aliyezungumza mpaka ilipoanguka kwenye nyasi, njano. Tangu hapo kwetu mtu akiwa na geji 20 hupakia peke yake, mfuko wake haushirikishwi, na kila bunduki iliyokataa kutoa mlio huchunguliwa mwanga kabla ya kutiwa kitu kingine.

Jambo la pili lililo karibu na hilo ni bunduki za kurithi. Najua humu mmo wengi mtakaochukua bunduki za baba na babu. Nchi yetu, Tanzania, ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978, na miaka ile bunduki ya baba ilikaa kabatini imefungwa kwenye gunia la katani lenye mafuta. Nilipoipata mimi niliilia machozi. Kwa hiyo sisemi kwa dharau. Lakini kwanza, kibali cha silaha ni cha mtu, si cha nyumba. Mzee akifariki, bunduki inakwenda kituo cha polisi, na wewe unaomba kwa jina lako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na hata ukipewa, hicho ni kibali cha kuimiliki tu. Cha kuwindia ndege unakiomba kwa watu wa wanyamapori, nacho kimeandikwa ndege gani na wangapi.

Pili, ifungue, igeuze, isome. Chini ya mitutu, karibu na bawaba, kuna alama ndogo zilizogongwa. Hizo ni za nyumba za majaribio, London, Birmingham, Liège, Saint-Étienne, ambako bunduki hufyatuliwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa. Bunduki ya zamani ya Kiingereza ikiwa imepimwa kwa baruti za sasa, zisizo na moshi, utaona herufi NP au maneno NITRO PROOF. Ya Kibelgiji itakuwa na simba juu ya herufi PV. Ukiona ile ELG ndani ya umbo la yai peke yake, hiyo ni ya baruti nyeusi, baruti ya magobore. Na ukiona chuma cha mtutu kina mistari iliyojisokota kama mkeka uliosukwa, kizuri kutazama kabisa, ujue ni vyuma vilivyosukwa na kufuliwa pamoja, kazi ya zamani. Itundike ukutani ikiwa sheria inakuruhusu, itengenezee hadithi, lakini usitie risasi ya dukani humo.

Tatu, urefu wa chemba. Hili limewadanganya hata watu wazima. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zina chemba ya milimita 65. Risasi ya sasa ya kawaida ni ya 70. Sasa mtu anaichukua ile ya 70, anaisukuma, inaingia yote, bunduki inafunga vizuri, anasema mbona inaenea. Inaenea kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Ile 70 ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa na kufunguka. Likifunguka ndani ya chemba fupi, ule mdomo unakwenda kubana pale mtutu unapoanza kupungua, na shindo linapanda ndani ya chuma ambacho kina umri wa babu yako. Huenda bunduki ikavumilia mara ishirini. Basi peleka kwa fundi mwenye kibali aipime chemba, na kama ni 65, nunua risasi za 65 au iache.

Kuhusu umbo la bunduki sitakaa sana. Kuna ya mtutu mmoja, kuna ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kuna ya miwili iliyopandana juu na chini, kuna ya pampu, na kuna inayojipakia yenyewe. Kwa anayeanza nachagua mitutu miwili, iwe sambamba au ya kupandana. Ukiikunja, kila mtu kambini anaona kwa macho yake kwamba haina kitu. Ya pampu haikuonyeshi hivyo, inabidi uamini neno la mtu. Kisha mitutu miwili inakupa midomo miwili tofauti, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, na unachagua kwa kidole tu. Na sababu ya mwisho ni ya moyoni mwangu: mtu mwenye risasi mbili hufikiri kabla ya kufyatua. Mwenye tano hufikiri baadaye. Anayetaka inayojipakia, kabla hajalipa senti, aende kwa polisi wa wilaya na kwa ofisi ya wanyamapori aonyeshwe anaruhusiwa kuwindia nini.

Tumefika kwenye bega, na hapa nitaomba muda, Mwenyekiti.

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja kutoka Kondoa, yuko hapa, amenipa ruhusa niseme. Ameanza kuwinda na mumewe, na kwa miezi yote hajampata hua hata mmoja. Mumewe alikwisha kumwambia hana jicho. Nikamwambia aniletee bunduki. Nikaikunja, nikaona haina kitu, nikampa, nikamwambia afumbe macho, ainyanyue begani kama anavyoona raha, halafu afumbue. Alipofumbua alikuwa anatazama nyuma ya chuma, haoni mtutu kabisa. Kitako kilikuwa kirefu, kimekwama kwapani, na kichwa chake kimelala kukitafuta. Nikapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kifyatulio mpaka mwisho wa kitako: sentimita 37 na nusu. Hiyo ni ya mumewe, mtu mrefu. Yeye alihitaji kama 34. Kisha nikamwambia aninyooshee kidole usoni akiwa amefumbua macho yote mawili. Kidole kilikaa mbele ya jicho lake la kushoto. Yeye anapigia bega la kulia. Maana yake jicho linaloongoza ni la upande wa pili, na kila mara alikuwa anapiga pembeni ya ndege.

Jicho analo, na zuri. Alipewa bunduki ya mtu mwingine.

Bunduki inayotoa risasi moja, ya kupigia pofu au nyati, unalenga kwa kutulia. Ya ndege haina muda huo. Macho yako yako kwa ndege, mwili unageuka naye, na bunduki inakwenda macho yanakotazama, kama inakaa sawa. Hua anayepita mita 30 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, marisau yakimfikia atakuwa amesogea mita moja na nusu. Ile mita na nusu hutaipata kwa hesabu porini, unaipata kwa kuendelea kugeuka wakati unafyatua, na huwezi kugeuka vizuri na kitu kilichokwama kwapani. Kitako kirefu hukatwa, kifupi huongezwa mpira, fundi seremala mzuri akisimamiwa na fundi bunduki anaweza. Kwa jicho, ama anahamia bega la kushoto, akiwa bado mgeni ni rahisi kuliko anavyodhani, ama anafumba lile jicho kidogo wakati wa kunyanyua. Mama amechagua bega la kushoto.

Uzito nao ni wa bega. Mtengeneza bunduki wa Birmingham, W. W. Greener, alikuwa na kanuni ambayo mpaka leo sijaona iliyoishinda: bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa marisau unayopiga. Risasi yako ina gramu 28, bunduki iwe kama kilo 2.7. Gramu 32, iwe kilo 3 na kidogo. Gramu 36, inakaribia kilo 3 na nusu. Kwa hiyo ukimwona mtu na bunduki nyepesi ya kilo 2.6 anaitia risasi nzito za gramu 36 "za kanga", msikitikieni. Baada ya risasi ya tano bega lake limeanza kuogopa, na bega likiogopa, macho yanafumba, na macho yakifumba kanga anakwenda kufia miibani.

Sasa mdomo wa mtutu, watu wanaita choki. Sehemu ya mwisho ya mtutu hubanwa kidogo, wala si sana, robo milimita, nusu milimita, milimita moja, ili kundi la punje lisitawanyike mapema. Mtutu ulio wazi kabisa, kwenye mita 36 hivi, huweka punje kama 40 katika kila 100 ndani ya duara ya sentimita 76. Ukibanwa robo unapata kama 50, nusu kama 60, kamili kama 70. Risasi ya gramu 32 yenye punje za milimita 3 ina punje zipatazo 200. Hesabuni wenyewe: mdomo wazi unampelekea kanga duara ya punje 80, mdomo wa nusu 120, mdomo kamili 140. Ukisikia hivyo utasema basi nichukue kamili. Hapana. Kwale anayeinuka mita 18 utamkosa kwa duara nyembamba, au utamsaga. Kwa mitutu miwili, mimi huweka robo kwenye wa kwanza na nusu kwenye wa pili, na kwa miaka mingi sasa sijatamani kingine.

Lakini namba hizo ni za vitabuni. Bunduki yako haijasoma kitabu. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, za mwaka mmoja, hutawanya tofauti, na bunduki ileile hutawanya tofauti kwa risasi tofauti. Dawa yake ni karatasi. Chukua mifuko minne ya saruji, ipasue, ishone iwe shuka moja, itundike kwenye fremu ya fito mbele ya kilima. Piga hatua, simama mita 30, fyatua mara moja. Kisha chukua msumari, kamba ya sentimita 38, na mkaa, tafuta mahali matundu yalipojaa, chora duara, uhesabu. Binti yangu alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa karani wangu. Anatia alama ya kalamu kila tundu ili asihesabu mara mbili, halafu anachukua sahani ya bati, ana sahani yenye ukubwa wa mwili wa kanga, anaitembeza ndani ya duara akitafuta mahali inapokaa bila kugusa tundu. Akipata, ananiita: "Baba, hapa kanga amepona!" Mahali kama hapo pakiwa pawili au patatu, hiyo risasi kwa bunduki hiyo hatuitumii tena. Kazi ya asubuhi moja na risasi kumi. Imenifundisha kuliko wauzaji wote.

Kuhusu punje zenyewe, msiende kwa namba peke yake. Namba 6 ya Mwingereza ni milimita 2.6, namba 6 ya Mmarekani ni karibu 2.8. Soma milimita kwenye boksi. Kwa hua, tetere na firigogo, 2.4. Kwale, 2.6 au 2.8. Kanga, 3.

Na bata sasa. Nimesema wana habari yao. Bata hula akichuja tope, na humeza changarawe ndogo ili firigisi isage chakula. Marisau ya risasi, yale madini, yaliyozama dimbwini kwake ni changarawe tu. Anayameza, firigisi inayasaga, sumu inaingia kwenye damu, na baada ya siku chache bata ambaye hukumpiga kabisa anakufa amekonda, mabawa yameanguka. Anayemla, tai au mbweha, naye anaichukua. Ndiyo maana Marekani walikataza marisau ya risasi kwa ndege wa maji nchi nzima mwaka 1991, Denmark waliyaondoa kabisa 1996, na Umoja wa Ulaya ulikataza kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Nchi yetu imo katika mkataba wa ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, unaotaka jambo hilohilo. Bata wengine tunaowaona huku wakati wa baridi ya Ulaya wametoka huko huko. Tukiwatilia sumu kwenye dimbwi, tunawaharibia na wenzetu.

Kwa hiyo anayetaka bata anunue bunduki inayokubali marisau ya chuma: ya kisasa, chemba ya 76, imepimwa kwa chuma, mdomo usiozidi nusu. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo panda ukubwa namba mbili, na ndege umngoje karibu zaidi. Bunduki ya babu isiguswe na chuma, itachanika ndani. Kama huwezi kupata risasi hizo, waache bata. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayependa sana bata wa kuchoma.

Nyumbani pia. Ndege uliyempiga kwa marisau ya risasi, kata kidonda chote utupe, toa punje kwa kidole, na usimloweke kwenye ndimu wala siki punje zikiwa bado ndani, maana uchachu huyeyusha risasi ikaingia kwenye mchuzi. Wajawazito na watoto wapeni kuku.

Nimeona Mwenyekiti ameangalia saa. Karatasi nne tayari zimetundikwa kule nyuma kwenye kingo ya udongo, kamba na mkaa viko chini ya mwembe, na sahani ya bati nimekuja nayo. Kila mwenye bunduki aitoe kwenye mfuko ikiwa imekunjwa, achungulie mwanga, amwonyeshe na aliye kulia kwake achungulie pia, ndipo atoke nayo, mdomo ukitazama chini. Risasi zinabaki kwenye meza yangu, nitazigawa moja moja. Tunaanza na mama wa Kondoa, kwa bega la kushoto.